Gitaa la chumbani na gitaa la bendi

Muhula huu wote kuna kitu kimoja kimenikaa kichwani na nimeona bora nikiandike, maana kila nikimwelezea mtu anayepiga gitaa peke yake nyumbani ananiangalia tu. Kitu chenyewe ni hiki: gitaa unalopiga chumbani na gitaa unalopiga kwenye bendi ni vyombo viwili tofauti, hata kama mbao ni ileile na nyuzi ni zilezile sita. Mi nasoma muziki, gitaa ndo chombo changu kikuu, na sehemu kubwa ya masomo yetu ni mazoezi ya bendi, yaani mnapangwa watu watano, dramu, besi, kibodi, gitaa na mwimbaji, mnapewa nyimbo, af mwalimu anakaa kona moja anasikiliza. Na anachosikiliza wala siyo kasi ya vidole vyako.

Ukiwa peke yako gitaa lako ndo bendi nzima. Ukipiga kodi ya E, yaani noti kadhaa kwa pamoja, na nyuzi zote sita unapata besi chini, unapata ujazo katikati, unapata melodi juu, raha kabisa, na ni haki yako maana hakuna mwingine wa kufanya hizo kazi. Sasa peleka kodi hiyohiyo kwenye bendi. Kila kazi uliyokuwa unaifanya ina mwenyewe tayari. Uzi mnene wa gitaa, ile E ya chini, unatetemeka kama mara 82 kwa sekunde. E ya chini ya gitaa la besi ni 41, oktava moja kamili chini yako. Ukisikia hivyo unadhani mko mbalimbali, kumbe hapana, sababu sauti ya uzi haiji peke yake, inakuja na sauti zake nyingine za juu zinazopanda pamoja nayo, na ya kwanza kabisa juu ya hiyo 41 ni 82, palepale ulipo wewe. Ongeza mkono wa kushoto wa mpiga kibodi ambaye naye anapenda kukaa chini huko, mnakuwa watatu sehemu moja na msikilizaji hamsikii hata mmoja wenu vizuri, anasikia mvumo tu. Mwimbaji naye anaanza kupaza sauti bila kujua kwa nini anachoka.

Aliyewahi kuimba kwaya hili analielewa haraka. Sauti nne kila moja ina njia yake, mwimbaji wa tenor akishuka kwenye njia ya besi wimbo unakuwa mzito na juu panabaki wazi, na mwalimu wa kwaya anasimamisha hapohapo. Kwenye bendi ni vilevile, tofauti ni kwamba wapiga gitaa wengi hatujafundishwa kwamba na sisi tuna sauti yetu ya kukaa, tumefundishwa maumbo ya kodi kwenye karatasi na yale maumbo karibu yote yanaanzia nyuzi nene.

Nakumbuka mwalimu alivyonielekeza. Alisema, "Nyuzi tatu nene mwachie kaka wa besi, we baki na tatu nyembamba tu." Basi. Hakuongeza neno. Tulikuwa na wimbo wa kodi nne, C, A maina, F na G, zile ambazo kila mtu anazijua. Ngoja niwaandikie vidole vilivyokaa, maana hapa ndo utamu wote upo, halafu chukua gitaa ujaribu. Tunatumia uzi wa G, wa B na wa E nyembamba, kwa mpangilio huohuo. C ni freti (vile vyuma vya shingoni mwa gitaa) ya 5, 5, 3. A maina ni 5, 5, 5, yaani kilichohama ni kidole kimoja tu kwenye uzi mwembamba. F ni 5, 6, 5, tena kidole kimoja tu, kwenye uzi wa B. G ni 4, 3, 3, hapo vyote vinashuka kidogo. Umemaliza wimbo mzima kati ya freti ya 3 na ya 6, mkono haujaruka popote, na masikio yanasikia sauti zinatembea hatua fupifupi, nusu toni (freti moja) hapa, toni moja pale, ndefu kuliko zote ni toni moja na nusu. Linganisha na mtu anayeruka kutoka C ya wazi kwenda F ya kubana freti ya kwanza kwa kidole cha shahada, halafu G ya nyuzi sita. Noti za kodi ni zilezile, ila wimbo unasikika tofauti kabisa. Tulipojaribu, dramu ikasikika, besi ikawa na umbo, na mwimbaji akageuka kuniangalia akatabasamu maana kwa mara ya kwanza alisikia maneno yake mwenyewe vizuri.

Tokea hapo nimekuwa mpenzi mkubwa wa wapiga ridhimu, yaani wale wanaoshikilia kodi na mpigo nyuma ya wengine. Watu wanamjua mpiga solo, jina lake linatajwa, anasogea mbele, anapigiwa makofi, sawa, anastahili. Ila tafuta habari za Freddie Green. Huyu aliingia kwenye bendi ya jazz ya Count Basie mwaka 1937 na alikuwa bado yumo alipofariki 1987, karibu miaka 50 kiti kilekile, na solo zake utazitafuta sana. Alikuwa anapiga gitaa lisilo la umeme katikati ya tarumbeta, tromboni na saksafoni, mpigo mmoja kwa kila biti, nne kwa kila ba (kile kipande kidogo cha wimbo chenye biti zake), na ukisikiliza kwa makini kodi yake mara nyingi ni noti moja au mbili tu zinazotoka wazi, nyingine amezinyamazisha. Gitaa lake ukilitafuta kwa sikio huenda usilipate kirahisi, ila bendi nzima imekaa juu yake. Hicho ni kiwango cha kujua kazi yako ambacho mi nakiheshimu kuliko skeli za kasi.

Na kwa upande wetu huku mbona mfano upo mkubwa tu, rumba ya Kongo. Bendi kama OK Jazz ya Franco iliyoanzishwa 1956 ilikuwa inaweka magitaa matatu hata manne kwenye wimbo mmoja, solo, mi-solo (gitaa la katikati ya solo na ridhimu), ridhimu na besi, na hayagongani. Ukisikiliza vizuri unakuta ridhimu iko chini kidogo inazunguka na mpigo uleule bila kuchoka, mi-solo iko juu yake inarudiarudia kipande kifupi, solo ndo inakuja juu kabisa inazungumza. Kila mmoja ana kimo chake cha sauti na ana mapengo yake. Mapengo ndo jambo. Solo ikinyamaza kidogo mi-solo inasikika pale kwenye pengo, wanajibizana, na we msikilizaji unaona ni kitu kimoja kikubwa kinachotembea. Huwezi kupata hicho kama kila mtu anapiga muda wote.

Sasa turudi kwenye wakati, tempo, maana nyuzi ni nusu ya kazi. Kitu kinachofanya gitaa la ridhimu liwe na uhai ni mkono wa kulia usiosimama. Yaani mkono unashuka na kupanda muda wote sawasawa, unashuka kwenye biti, unapanda katikati, hata pale ambapo hupigi nyuzi mkono unapita hewani tu na kuendelea. Kunyamazisha ni kazi ya mkono wa kushoto, unalegeza vidole kidogo bila kuvitoa kwenye nyuzi, inatoka ile "tsk" kavu, halafu unabana tena sauti inatoka. Wengi wanafanya kinyume, wanasimamisha mkono wa kulia ili kupata pengo, af wanashindwa kurudi kwa wakati, wanachelewa nywele moja hivi, na nywele moja kwenye bendi inasikika.

Metronomu nayo kuna namna ya kuitumia ambayo imenisaidia kuliko zote. Badala ya kuiweka ipige kila biti, wimbo wa tempo 120, yaani biti 120 kwa dakika, unaiweka 60, halafu ule mlio wake unauhesabu kama biti ya 2 na ya 4, siyo ya 1 na ya 3. Yaani mlio unaangukia pale ambapo sneya, ile dramu ndogo yenye mlio mkali, ingepiga, na biti ya kwanza unaibeba mwenyewe kichwani. Mwanzoni kichwa kinagoma, unajikuta umegeuza bila kujua na mlio umehamia kwenye 1, basi unasimama unaanza upya. Ikikaa, ikishakaa kweli, unaanza kuhisi kwamba wakati unatoka kwako na metronomu inakuhakikishia tu. Wenzangu wengine wanaenda mbali zaidi, wanaiweka inyamaze ba 2 halafu irudi, wanaangalia kama watakutana nayo. Mazoezi hayo hayana uzuri wowote wa kusikiliza kwa mtu wa pembeni, familia itakuuliza unafanya nini humo ndani, we endelea tu.

Halafu kuna hili la kukaa wapi chumbani mkiwa mnafanya mazoezi ya bendi, ambalo nilidhani ni la mapambo. Sauti hewani inakwenda kama mita 343 kwa sekunde, inaonekana ni haraka sana, lakini ukikaa mita 10 kutoka kwa mpiga dramu sauti yake inakufikia ikiwa imechelewa karibu milisekunde 29. Kwenye tempo 120 robo ya biti ni milisekunde 125, kwa hiyo ucheleweshaji huo unakaribia robo ya hiyo robo. We unapiga sawasawa na unachokisikia, naye anakusikia umechelewa maana na sauti yako inatumia muda huohuo kurudi kwake, anapunguza kidogo kukungojea, na we unapunguza tena, tempo inazama taratibu na hakuna mwenye kosa. Mkisogeleana mkakaa mita 3 inabaki kama milisekunde 9 tu, hiyo haimsumbui mtu. Siku hizi tunakaa duara dogo, mi niko upande wa hai-hati, vile visahani viwili vya dramu, kaka wa besi yuko karibu na dramu la mguu, na tunaangaliana. Kuangaliana kwenyewe kunafundisha, mpiga dramu kabla hajaingia kwenye kiitikio anavuta pumzi na bega linanyanyuka, ukishaliona hilo bega mara kadhaa huhitaji mtu akuhesabie.

Volyumu ndo ugonjwa wa bendi zote. Mmoja anaongeza kidogo sababu hajisikii, wa pili anaongeza sababu wa kwanza kaongeza, mpaka mwisho mwimbaji anakauka koo. Mara nyingi tatizo siyo ampu (kikuza sauti cha gitaa) ndogo, ni kwamba ampu iko chini sakafuni inaipigia sauti magoti yako, na zile sauti kali za juu za spika ya gitaa zinakwenda mbele moja kwa moja kama mstari, hazitawanyiki. Aliyesimama mbele anaumia masikio, we uliye juu yake huzisikii, unaongeza. Ipandishe kwenye kiti au uiegemeze ielekee kichwani kwako, uone mwenyewe utakavyopunguza haraka. Na siyo suala la muziki tu. Kiwango kinachotumika sana kwa usalama wa masikio kazini ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila ukiongeza desibeli 3 muda unakatwa nusu, kwa hiyo ukifika 100 una kama dakika 15 tu. Chumba kidogo chenye dramu kinafika huko bila shida. Masikio yakishaharibika hayarudi, na sisi bila masikio hatuna kazi. Vizibo vya masikio nunueni jamani, vaeni, msione aibu.

Kutyuni nako, yaani kuziweka nyuzi kwenye sauti yake. Nyumbani unaweza kutyuni gitaa kwa sikio uzi kwa uzi likakaa tamu kabisa, ila tamu yake ni ya kwake peke yake. Kwenye bendi lazima wote mtoke sehemu moja, A inayotetemeka mara 440 kwa sekunde, maana kibodi haishuki kukufuata. Na kuna mtego kati ya uzi wa G na wa B. Ukizipiga pamoja wakati hazijakaa sawa unasikia kile kitu kinachovuma wau, wau, wau, na kadiri zinavyokaribiana kinapungua kasi hadi kinaisha. Sikio linapenda kiishe kabisa. Ukikimaliza kabisa kwenye hizo nyuzi mbili, uzi wa B unakuwa umeshuka kama senti 14 chini ya pale freti zinapotaka uwe, na nusu toni nzima ni senti 100, kwa hiyo siyo kidogo. Kodi ya G itaimba vizuri sana, af ukigusa E inalia vibaya na unaanza kulaumu gitaa. Freti zimepangwa kwa mgawanyo sawa wa nusu toni 12, hilo haligeuki, kwa hiyo tumia tyuna, kile kifaa kinachokuonyesha kama uzi umekaa sawa, kubali huo mvumo mdogo ubaki, na wenzako wote watumie tyuna pia. Nyuzi mpya zivute kwa mkono kabla ya mazoezi maana zinalegea, na chumba kikipata joto zinashuka, angalia tena baada ya nyimbo mbili tatu.

Kuhusu mazoezi ya peke yangu, yamebadilika kabisa toka nianze kusikia hivi. Zamani nilikuwa na ratiba ya kawaida, skeli, kodi, wimbo. Sasa hivi kinachonipangia cha kufanya ni rekodi ya simu ya mazoezi ya bendi. Naweka simu mbali kidogo na ampu yoyote, narekodi yote, af usiku nasikiliza, na sijisikilizi mimi kwanza. Nasikiliza besi mara moja mwanzo mwisho, halafu dramu la mguu, halafu mwimbaji anapumua wapi, mwisho kabisa gitaa. Ukisikiliza kwa mpangilio huo gitaa lako unalisikia kama mgeni anavyolisikia, na unajua kabisa pale ulipomkanyaga mwimbaji, pale ulipojaza pengo ambalo lilikuwa la sneya. Hivyo vipande ndo mazoezi yangu ya kesho yake. Nacheza juu ya rekodi yenyewe, siyo juu ya wimbo ule wa asili, maana bendi yangu ndo hii.

Na navifanya vifupi vifupi, robo saa asubuhi, robo saa baadaye, kuliko kukaa saa mbili mfululizo vidole vikishaganda na kichwa kimeshalala. Kubadilisha kodi nafanya taratibu kiasi kwamba inachosha, na kidole nakiweka nyuma kabisa ya freti, karibu kuigusa, maana hapo nguvu inayohitajika ni ndogo kuliko katikati. Anayehangaika na kodi za kubana aanzie hapo kabla hajaanza kufikiria kwamba vidole vyake ni dhaifu, na kidole cha shahada akigeuze kidogo kilalie ubavu, upande wa mfupa. Ukisikia maumivu kwenye kifundo cha mkono weka gitaa chini. Ncha za vidole kuuma ni kawaida mwanzoni, kifundo kuuma siyo kawaida.

Mazoezi ya bendi yenyewe nayo naomba niseme neno. Siyo sehemu ya kujifunzia wimbo. Wimbo unakuja unaujua, kodi unazijua, mpangilio unaujua, ili ule muda mnaoupata pamoja muutumie kwa vitu ambavyo haviwezekani peke yako, kuingia pamoja, kutoka pamoja, kushuka sauti pamoja. Bendi nyingi zinapiga wimbo mwanzo mwisho, zinakosea palepale kwenye kuingia kiitikio, zinasema "tena," zinaanza mwanzo kabisa, zinakosea palepale. Sisi sasa tunachukua ba 4, mbili za mwisho wa ubeti na mbili za mwanzo wa kiitikio, tunazizungusha hizo tu mpaka zinakuwa za kawaida. Zinakuwa hazina mvuto, ukweli ndo huo, lakini pakishakaa sawa pale wimbo mzima unapita. Na mwisho wa wimbo, jamani mwisho, kila bendi inajua inavyoanza na hakuna anayejua inavyoisha, fanyeni mwisho peke yake.

Wiki ijayo tunaanza wimbo wa 6/8 ambao ni mpya kwetu wote, na hapo mkono wa kulia lazima ufikiri upya maana biti kubwa ni 2 kwa kila ba na kila moja ina tatu ndani yake, kwa hiyo ukishuka na kupanda kwa zamu biti ya pili inaangukia mkono ukiwa unapanda. Nimejaribu namna mbili, ya kushuka-kupanda-kushuka halafu kushuka tena kwenye biti ya pili, na ile ya zamu bila kurudia, ya kwanza ina uzito zaidi, ya pili ni rahisi tempo ikiwa kubwa. Mwimbaji anautaka taratibu, kwa hiyo nimechagua ya kwanza. Kaka wa besi ameshanirekodia laini yake yote, iko chini sana kwenye ubeti, af inapanda kwenye kiitikio mpaka karibu na nilipokuwa nimepanga kukaa mimi, kwa hiyo ya kwangu ya kiitikio naipandisha hadi freti ya 8 kwenda juu, nione kama itakaa.